Nimempenda Mnyama Aliyemfungia Msichana: Je, Nina Kasoro?

*"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza riwaya moja ya fantasia iliyojengwa juu ya ile ngano ya Mrembo na Mnyama. Msichana anapelekwa kwenye ngome ya kiumbe mwenye pembe kwa sababu ya deni la baba yake, anafungiwa mnarani, na taratibu wanapendana. Sura nyingine anasimulia msichana, nyingine anasimulia kiumbe mwenyewe. Nilikesha nikiisoma na mwishoni nililia kwa furaha. Kesho yake nikamsimulia rafiki yangu. Akasema hadithi kama hizi zinawafundisha wanawake kumpenda anayewatesa, kwamba huo ndio ugonjwa wa Stockholm, na kwamba mwandishi ameiharibu ngano ya asili iliyokuwa safi. Nikarudia baadhi ya sura na kuona kitu nilichokipita mara ya kwanza: yule kiumbe alikuwa akizificha barua za baba yake msichana kwenye droo. Msichana anakubali ndoa akidhani baba amemsahau, na hakuna mahali anapoambiwa ukweli wala kuombwa msamaha. Niliona aibu. Tena kuna jambo linanichanganya: kiumbe alipogeuka kijana mzuri wa sura, furaha yangu ilipungua. Na kuna kurasa zilizonikumbusha mtu niliyewahi kuishi naye. Je, nina kasoro? Kitabu hiki ni kibaya? Mdogo wangu wa kike wa miaka 14 ameniomba nimwazime. Nimpe au nimnyime?"*

Marahaba, dada yangu.

Barua yako ina maswali kadhaa yaliyosokotana, na nimeisoma zaidi ya mara moja ili nisijibu moja nikaliacha jingine likining'inia. Fundo lenyewe naliona hapa: usiku ulipenda, asubuhi ukaambiwa ulichokipenda ni kibaya, uliporudi kuhakikisha ukakuta kweli kuna ubaya, na sasa hujui uyaamini machozi ya usiku au macho ya asubuhi. Yaamini yote mawili. Ulilia kwa sababu hadithi ilikuliza kwa ufundi wake, na hilo si jambo la aibu. Zile barua zilizofichwa nazo ni kasoro ya kweli, tena kubwa, ila ni kasoro ya kitabu. Wewe umefanya kazi ya msomaji mpaka mwisho: umependa, kisha ukarudi kuuliza ulichokipenda ni nini.

Nieleze sababu, maana kukwambia "usijali" hakutakusaidia rafiki yako atakapokuuliza tena.

Nianze na hilo la ngano ya asili iliyokuwa safi. Haikuwahi kuwapo. Mrembo na Mnyama kama wengi wetu tunavyoijua imetoka Ufaransa, na aliyeichapisha kwanza, mwaka 1740, ni mwanamke aitwaye Gabrielle-Suzanne de Villeneuve. Ilikuwa hadithi ndefu, na ilikuwa ya watu wazima: humo Mnyama humuuliza msichana kila usiku kama atakubali kulala naye. Mwaka 1756 Mfaransa mwingine, Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, aliyekuwa akifanya kazi ya kulea na kufundisha mabinti wa matajiri jijini London, aliifupisha ikawa kurasa chache, akawaandikia wasichana, na lile swali la kila usiku akalibadili likawa ombi la ndoa. Huenda ngano anayoikumbuka rafiki yako imetokana na toleo hili la Beaumont, nalo lilikuwa tayari masahihisho ya kazi ya mtu mwingine.

Ukirudi nyuma zaidi hufiki kwenye chemchemi moja safi. Unakutana na Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Madauros, katika eneo ambalo leo ni Algeria. Yeye alisimulia kwa Kilatini kisa cha Psyche, binti anayepelekwa kwenye kasri na kuwa mke wa mume asiyeruhusiwa kumtazama, mpaka dada zake wanapomtia hofu kwamba mume huyo ni joka, akawasha taa usiku ili amwone. Unakutana na dubu mweupe wa Norwe anayekuja kwa maskini kumwomba binti yake, naye usiku huwa mtu. Wataalamu wa ngano wamezikusanya hadithi hizi na nyingine nyingi za mume wa ajabu katika kundi moja na kulipa namba 425 katika orodha yao ya kimataifa, orodha iliyoanzishwa na Antti Aarne wa Finland mwaka 1910 na ambayo bado inatumika. Kila aliyeishika hadithi hii aliifinyanga upya. Ngano nyingine nazo ni hivyo hivyo. Katika chapa ya kwanza ya ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Ujerumani, mwaka 1812, anayetaka kumuua yule binti mweupe kama theluji ni mama yake mzazi; katika chapa ya 1819 amekuwa mama wa kambo.

Kwa hiyo mwandishi wako hana hatia ya kubadilisha. Linalofaa kuulizwa ni amebadilisha nini, na kile alichokiondoa kilikuwa kimebeba mzigo gani.

Hapo ndipo zile barua za kwenye droo zinapoingia. Katika toleo la Beaumont, baba ni mfanyabiashara aliyefilisika baada ya kupoteza meli zake. Anachuma ua la waridi kwenye bustani ya Mnyama, na kwa kosa hilo anahukumiwa kufa, isipokuwa mmoja wa mabinti zake aje kwa hiari kufa mahali pake. Mrembo anaamua kwenda huku baba akipinga. Hiari hiyo siipambi: mtu anayechagua huku uhai wa baba yake uko mizani hajachagua akiwa huru, na wanaoisema kasoro hiyo wana haki. Lakini tazama kinachofuata. Anapofika anakuta chumba kimeandikwa jina lake mlangoni. Ndani kuna kitabu chenye maneno ya dhahabu yanayomwambia atamani na aamuru, kwani hapa yeye ndiye malkia. Anachokitamani ni kumwona baba yake. Papo hapo kioo kikubwa kinamwonyesha nyumba yao na baba akiwasili, uso umejaa huzuni.

Nyumba ya Mnyama, hata kabla msichana hajaizoea, inampa habari za baba yake. Katika riwaya uliyoisoma, mwenye nyumba anamnyima habari hizo hizo. Pale palipokuwa na kioo, mwandishi ameweka droo.

Kisha kuna chakula cha usiku, sehemu ambayo wasimulizi wengi huipita haraka na ambayo kwangu mimi ndiyo moyo wa hadithi. Kwa miezi mitatu Mnyama anakuja kila usiku Mrembo anapokula. Usiku wa kwanza anamuuliza kama anamwona ana sura mbaya. Mrembo anajibu kwamba ni kweli, kwa kuwa yeye hawezi kusema uongo. Anamuuliza kama atakubali kuwa mke wake. Anajibu hapana, akiwa anatetemeka, kwa kuwa anaogopa kumkasirisha. Mnyama anashusha pumzi kwa kishindo kinachotikisa kasri, anamuaga kwa huzuni na kuondoka. Basi. Kesho yake chakula kipo pale pale, na hakuna kilichopungua. Usiku unaofuata anajibu hapana tena, na tena, kwa miezi mitatu, na hakuna anayeadhibiwa kwa hapana hiyo. Kila hadithi ya namna hii ninayoisoma naipima kwa jambo hili: msichana akikataa, nini kinamfika?

Mwishowe anaomba kwenda kumwona baba yake aliyeugua. Mnyama anamruhusu, akisema ni heri afe yeye kuliko kumtia uchungu. Mrembo anaahidi kurudi baada ya wiki moja. Dada zake, kwa wivu, wanajifanya kulia ili wamcheleweshe, naye anapitisha siku. Usiku wa kumi anaota Mnyama amelala kwenye nyasi akikata roho, anaamka, anaweka pete mezani kama alivyoelekezwa, na kurudi. Ndiyo yake ina uzito kwa sababu imetoka kwa mtu aliyekuwa nyumbani kwao, mlango ukiwa wazi, akiwa na kila sababu ya kutorudi.

Sasa ipime riwaya yako. Nategemea maelezo uliyonipa, na kwa maelezo hayo msichana anakubali ndoa akiamini kwamba hana tena mtu wa kumrudia. Imani hiyo ameipandikizwa na yule yule anayeomba kukubaliwa. Ndiyo yake imetolewa gizani. Mwandishi angeweza kuliponya jambo hilo: msichana aikute droo, akasirike, aondoke, akae kwa baba yake muda wa kutosha, ndipo arudi kwa miguu yake akiwa anajua yote. Droo ingekuwa sehemu ya hadithi, jeraha ambalo wahusika wanalikabili. Inapofunguliwa mbele ya msomaji peke yake na kufungwa tena kimya kimya, mwandishi ameitumia kuongeza taharuki kisha akaondoka bila kulipa deni. Naliita kosa la ufundi, na kwa kuwa linahusu ridhaa ya mtu, ni kosa la maadili pia.

Kwa nini basi hukuliona usiku ule? Hapa nataka twende polepole, maana hapa ndipo aibu yako ilipozaliwa.

Max Lüthi, mtaalamu wa Uswisi, alichapisha mwaka 1947 uchunguzi wa namna ngano za Ulaya zinavyosimuliwa. Alionyesha kwamba watu wa ngano ni bapa kwa makusudi: hawana undani, hawana kumbukumbu inayowatesa, na maumivu hayawaachii alama. Katika ngano ya kunguru saba iliyokusanywa na ndugu Grimm, msichana anapoteza kifupa alichopewa kuwa ufunguo wa mlima wa kioo, basi anakata kidole chake kidogo, anafungulia mlango, na kuingia. Hakuna damu inayotajwa, hakuna kilio. Msikilizaji haulizi atashonaje au atafuaje bila kidole. Anaelewa kwamba ameambiwa kiasi cha upendo wa dada kwa kaka zake, basi.

Riwaya inafanya kinyume. Inatupa nafsi ya mtu, usiku wake wa kukosa usingizi, sauti ya kufuli, kovu na jinsi kovu linavyowasha baridi ikija. Sasa chukua sentensi moja ya ngano, kwamba Mrembo alikaa katika kasri miezi mitatu kwa utulivu, uivute iwe kurasa mia tatu za riwaya. Kufungiwa, ambako kwenye ngano ni ishara, kunakuwa tendo la mtu fulani siku fulani, na tendo lina mwenye kulijibia. Kila riwaya ya fantasia inayojengwa juu ya ngano inabeba mshono huu kati ya namna mbili za kusimulia. Nakisia usiku ule ulisoma kwa jicho la ngano: amekaa mnarani, vizuri, ndivyo hadithi hii inavyokwenda, twende mbele. Asubuhi ulisoma kwa jicho la riwaya: huyu mtu anaficha barua za mwenzake. Macho yote mawili ni halali, na mwandishi mwenyewe ndiye aliyekuita uyatumie yote.

Sababu ya pili ina nguvu zaidi. Wewe ulikuwa na uhakika ambao msichana hakuwa nao. Ulijua ni hadithi ya aina gani, kwa hiyo ulijua kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba pembe zile hazitamdhuru. Ulijua ngano ya zamani, kwa hiyo ulingoja kugeuka kwake kama mtu anayengoja mgeni aliyekwisha kupiga simu kwamba yuko njiani. Zaidi ya hayo, uliingizwa ndani ya kichwa cha kiumbe mwenyewe: ulisoma majuto yake, hofu yake, upole aliokuwa hawezi kuutamka. Hakuna mateka duniani anayepewa sura ya kusoma mawazo ya aliyemteka. Yeye ana nyayo kwenye ngazi tu, na kazi ya kubahatisha leo zinakuja na hasira au bila hasira. Hukumpenda mtekaji, dada yangu. Ulimpenda mtu aliyefunguliwa moyo mbele yako, katika hadithi iliyokuahidi kwamba moyo huo ni mwema. Machozi ya mwisho nayo yana historia yake: J. R. R. Tolkien, mwandishi wa riwaya za fantasia, katika insha iliyotokana na mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939, alisema kwamba ngano bora huwa na ule mgeuko wa ghafla kuelekea furaha unaomkata mtu pumzi na kumkaribisha kwenye machozi. Umelia pale ambapo hadithi za aina hii zimejengwa ili watu walie.

Kuhusu Stockholm, nitakuwa mfupi. Neno hilo lilitokana na wizi wa benki katika uwanja wa Norrmalmstorg, Stockholm, Agosti 1973, ambapo wafanyakazi wanne walishikwa mateka kwa siku sita. Mmoja wao aliwalaumu polisi waziwazi kwa kuhatarisha maisha yao, na msimamo wa mateka kwa jumla ukapewa jina la ugonjwa. Jambo hilo halimo kama ugonjwa katika mwongozo unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani kutambua maradhi, na wapo wengi wanaoona kwamba mateka wale walikuwa wakitafuta njia ya kutoka hai. Vyovyote utakavyolitazama, linahusu watu waliofungiwa na mtu mwenye bunduki. Msomaji aliyelala kitandani kwake na kitabu, anayeweza kukifunga wakati wowote, halimhusu.

Hata hivyo rafiki yako hajakosea kila kitu, na ningependa umrudie umwambie hivyo. Hadithi zinafundisha, ila hazifundishi kama sumu inavyoua, kipimo kimoja na mwisho. Zinafundisha kwa kurudiarudia. Mtu anayesoma riwaya kumi mfululizo ambamo ukali ni dalili ya mapenzi yaliyojificha, wivu ni uthibitisho, na kuvumilia ndiyo njia ya kumbadilisha mwanamume, anaweza kuzoea umbo hilo mpaka akaliona la kawaida anapolikuta nje ya kitabu. Hatari inakuwa kubwa zaidi kwa asiyekuwa na mfano mwingine wa mapenzi karibu naye, kitabuni au nyumbani. Sikushauri uache kusoma riwaya hizi. Nakushauri usome na nyingine, zikiwamo zile zilizoandikwa kumpinga Mnyama waziwazi, ambamo msichana anaondoka na hadithi inamfuata yeye.

Sasa lile la sura nzuri, ambalo nimelifurahia kuliko yote katika barua yako. Unadhani uliishiwa furaha peke yako. Soma Beaumont. Mnyama anapotoweka na mtoto wa mfalme mzuri kuliko picha akatokea miguuni pa Mrembo, msichana hamkumbatii. Anauliza Mnyama wake yuko wapi. Toleo hilo la 1756, lililoandikwa kwa watoto, lenye mafunzo kila kona, limemwachia Mrembo nafasi ya kumtafuta aliyempenda kabla hajampokea aliyeletewa. Katika riwaya hali ni nzito zaidi. Kwa kurasa mia tatu umefundishwa kuipenda sauti fulani nzito, mikono mikubwa isiyojua kushika kalamu, jinsi anavyoinama kupita mlangoni. Kisha kwa aya mbili unapewa kijana ambaye angeweza kuwa kijana yeyote. Umeagwa na mtu unayemjua na kutambulishwa kwa mgeni, na hadithi inataka ushangilie. Tena kuna mkanganyiko ndani ya ngano yenyewe: inasema uzuri wa sura si kitu, halafu inalipa zawadi kwa sarafu hiyo hiyo ya uzuri wa sura. Ulichokihisi ni uaminifu kwa mhusika. Sioni kasoro yoyote hapo.

Nimeiacha kwa makusudi ile sentensi yako fupi kuliko zote, kuhusu mtu uliyewahi kuishi naye. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kuna mahali ujuzi wangu unakoma, lakini kuna jambo la kisomaji naweza kulisema. Watu wengi waliopitia nyumba yenye hofu huvutwa na hadithi za namna hii, na sababu yake inaeleweka: humo Mnyama anabadilika kweli. Hadithi inawapa mwisho ambao maisha yaliwanyima. Kuupenda mwisho huo si kosa. Nakuomba tu usiufanye ushahidi. Mnyama wa kitabuni anabadilika kwa sababu mwandishi aliamua hivyo mapema, naye anazo kurasa zote mkononi. Yule uliyeishi naye hakuwa na mwandishi, na kutobadilika kwake hakumaanishi kwamba hukuvumilia vya kutosha au hukupenda vya kutosha. Kipimo kile cha chakula cha usiku kitumie hapa pia: uliposema hapana, nini kilikufika? Simu yako, barua zako, ndugu zako, vilikuwa mikononi mwa nani?

Kama majibu ya maswali hayo yanakuuma, usiyabebe peke yako na usiniandikie mimi tu. Tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso: mshauri nasaha, mwanasaikolojia, au daktari atakayekuelekeza kwa mmoja wao. Fanya hivyo hasa ukiona kumbukumbu zinakujia bila kuziita, usingizi unakatika, unashtuka kwa mlango kugongwa, au unaepuka mahali na watu kwa ajili yake. Na kama mtu huyo bado anakupigia, anakufuata au anakutishia, hilo haliwezi kusubiri miadi. Mwambie leo ndugu au jirani unayemwamini, na uende polisi au kwenye shirika linalowasaidia watu wanaotendewa ukatili nyumbani. Kama hakuna hata moja kati ya haya, na kurasa zile zilikukumbusha tu kisha zikapita, basi kumbuka tu kwamba ulizitambua, na kwamba safari hii ulizitambua mapema.

Imebaki ya mdogo wako. Kwanza jambo la kawaida kabisa: hakiki kama riwaya ina kurasa za chumbani zilizoandikwa kwa watu wazima. Fantasia nyingi za mapenzi zina majalada yanayofanana na ya vitabu vya vijana ilhali ndani si za vijana, na kama hiki ni kimojawapo, mwambie wazi kwamba kitamngoja akue, na umpe sababu. Kama hakina kurasa hizo, mpe. Ukimnyima bila maelezo atakisoma kwa kujificha, na msichana anayesoma kwa kujificha hana wa kumuuliza.

Lakini mtangulizie toleo la Beaumont, ambalo ni fupi na linamalizika kwa kikao kimoja, ili aingie kwenye riwaya akiwa amekwisha kukiona kile kioo. Usimwonye kuhusu droo. Mwache aifikie mwenyewe, nawe ujue yuko sura ya ngapi. Akiwa amefika, muulize yeye angefanya nini angekuwa msichana yule akaikuta imefunguliwa, kisha umwache aseme mpaka amalize, hata kama atamtetea kiumbe. Huenda atamtetea. Ana miaka 14 na amesoma mawazo yake kama wewe ulivyoyasoma. Muulize basi msichana wa mnarani aliyasoma wapi.